Kigwe cha Nyumba ya Kumi na Nne

Ukishavuka mita elfu tatu, usimlaze mgeni zaidi ya mita mia nne juu ya pale alipolala jana. Kila siku ya nne, mpumzishe. Akisema kichwa kinamgonga, mteremshe, hata kama ameuza gari lake kuja kuuona mlima. Norzom alizijua kanuni hizi kama anavyoijua njia ya kwenda msalani, ndiyo maana aliweza kupanga safari ya siku kumi na nane bila yeye mwenyewe kuwepo. Mwili ulikaa kwenye kiti cha plastiki, ghorofa ya pili, mtaa wa Boudha hapo Kathmandu. Mkono ulishika penseli. Mwenyewe hakuwepo.

Hali hiyo ilikuwa na miaka miwili na nusu. Wenzake ofisini walidhani ni utulivu, wakamsifia. "Norzom hababaiki," walisema. Ni kweli hakubabaika. Umewahi kuukalia mguu mpaka ukafa ganzi, ukaugusa ukaona kama ni wa mtu mwingine? Basi yeye alikuwa hivyo kuanzia utosini.

Kwao ni Lungdang, kijiji cha nyumba kumi na nne, mwendo wa siku sita kutoka uwanja wa ndege ulio karibu, kama huo unaweza kuitwa ukaribu. Mume wake alichukuliwa na theluji chini ya pengo la Shawa, pale njia inapovukia mlima, mwezi wa kupanda shayiri, akirudi mikono mitupu baada ya kufikisha mzigo ng'ambo. Watu wa Lungdang hawalitaji jina la marehemu, wasije wakamgeuza njiani akiwa amekwishaanza kwenda. Tangu siku ile Norzom hakulitaja, wala mtu mwingine hakulitaja, na hapa pia halitatajwa. Alikaa matanga yake siku arobaini na tisa, akateremka Kathmandu na begi moja, akaomba kazi ya kupanga safari. Huko juu hakurudi tena.

Lakini safari alizozipanga zilipita hukohuko. Kila vuli kundi moja la wageni lilivuka Shawa, na Norzom ndiye aliyeandika nani alale wapi na nani abebe nini. Sasa, juu ya Lungdang njia inakuwa ngazi ya mawe, nyembamba, ambayo yaki, ng'ombe wa manyoya wa huko, hapiti hata umwimbie. Mizigo inapita migongoni mwa watu, mzigo mmoja nyumba moja, tangu enzi za mababu. Nani abebe upi haliamuliwi na mtu. Kila nyumba inatoa kigwe kimoja, ule utepe wa sufu unaofungwa chini ya goti ili kiatu kisiteremke. Mkuu wa kijiji anavikusanya, anavichanganya nyuma ya mgongo wake, kisha anapita akidondosha kimoja juu ya kila mzigo. Kigwe chako kikiangukia mafuta ya taa, utanuka siku mbili. Kikiangukia mayai, utatembea kama bibi harusi. Na zamu ya maji ya mashamba inaamuliwa kwa vigwe hivyohivyo, kwa hiyo nyumba isiyo na kigwe haina maji, na isiyo na maji haina shayiri.

Vuli ile ya kwanza, penseli ya Norzom ilisimama kwenye mstari wa Lungdang. Miaka yote ilikuwa ni mizigo kumi na minne. Kuandika kumi na mitatu kungekuwa ni kulitamka lile jambo. Akaandika kumi na minne. Akajiambia shemeji yake, binamu wa mumewe anayekaa nyumba ya jirani, atabeba miwili. Mwaka uliofuata akaandika hivyohivyo, na safari hii penseli haikusimama.

Mwaka wa tatu ulimkuta kwenye mstari uleule, mvua za mwisho zikigonga bati, pale Prajwol alipomwita.

Prajwol ndiye mwenye ofisi, mtoto wa Kathmandu, mnene, mwema, na mdomo wake haukuwa na likizo. Hakuwahi kupanda zaidi ya mita elfu tatu. Alisema kichwa chake kiliumbiwa bondeni.

"Dada Norzom, hebu acha hayo makaratasi uone dhahabu," alisema, akiigeuza kompyuta upande wake. "Mgeni mmoja wa mwaka jana katutumia picha. Cheki huyu bibi! Tunamweka kwenye kalenda, tunamweka ukutani. Huyu bibi atauza safari kuliko mimi."

Ilikuwa picha ya bibi mfupi aliyejikunja chini ya mzigo, ukanda umemkaza kwenye paji la uso, kitambaa kimemfunika mdomo. Nyuma yake zilipepea bendera za pengo la Shawa. Alivaa aproni ya milia, na kwenye pindo la aproni palikuwa na kiraka cha buluu. Norzom alikijua kiraka kile. Alikishona mwenyewe kwa kitambaa cha ndani ya jaketi kuukuu la mumewe, akakishona ovyo, kona moja ikajikunja, na mama mkwe wake akamcheka kwa kona hiyo kipupwe kizima.

"Unamfahamu?" Prajwol aliuliza. "Si huko kwenu?"

"Ni mama mkwe wangu."

"Acha! Ana umri gani?"

"Sitini na tisa."

"Sitini na tisa, kule juu, na mzigo huo?" Prajwol aliacha kucheka. "Nani kampa?"

Norzom aliitazama karatasi iliyokuwa mbele yake. "Mimi," alisema.

Alingoja kitu kimpande kifuani. Hakikupanda. Alikunywa chai yake iliyopoa, akakirudisha kikombe mahali pake, akamalizia kuandika urefu wa kambi ya siku ya saba. Baadaye aligundua ameuandika mara mbili.

Lungdang simu inashika mahali pamoja tu, juu ya jiwe moja nyuma ya ukuta wa maombi. Karchung, mkuu wa kijiji, hupanda pale kila siku saa nne asubuhi, akishafungulia mbuzi, simu ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kesho yake saa nne kamili Norzom alipiga, akiwa amesimama kwenye ngazi za ofisi.

"Karchung hapa! Nani?"

"Norzom, mjomba."

"Norzom! Kumbe bado unapumua. Tulidhani mji umekutafuna ukatema mifupa."

"Mjomba, mwaka jana nani alibeba mzigo wa nyumba yetu?"

Upepo ukavuma ndani ya simu.

"Mbuzi wenu wazima kabisa," alisema Karchung.

"Sijaulizia mbuzi."

"Alibeba aliyekuwepo. Sasa ulitaka abebe nani?"

"Shemeji yangu je?"

"Shemeji yako ana nyumba yake na kigwe chake. Tangu lini mtu akabeba mzigo wa jiko asilolia chakula? Mji umekusahaulisha hata hilo?"

Haukumsahaulisha. Alilijua tangu utotoni: mzigo wa nyumba hubebwa na anayekula kwenye jiko la nyumba hiyo, haukodishwi, hauazimwi. Alilijua na akajifanya hamnazo, miaka miwili, na ndivyo alivyoweza kulala usingizi.

"Kwa nini hukunipigia?"

"Nikwambie nini? Wewe ndiye uliyeandika. Karatasi imekuja, mizigo kumi na minne, nikaisoma mara mbili. Ungeandika kumi na mitatu ningejua la kufanya. Kigwe chenu kingetoka, maji yenu yangekwenda kwa jirani, basi. Hukuandika. Sasa mimi nianze kupunguza nyumba za watu? Nikiulizwa ni ipi na kwa nini, niseme nini? Nikasema, aah, Norzom anajua anachofanya."

"Sikujua."

"Basi hatukujua wote."

Norzom aliihamishia simu mkono wa pili. "Alibebaje?"

"Kwa miguu. Ulitaka apae?" Kisha sauti ya Karchung ikashuka. "Mwaka wa kwanza alifika ng'ambo siku ya pili, saa nane mchana. Mwaka jana giza lilimkuta njiani, Kunsang, kiongozi wenu, akarudi na tochi kumtafuta. Tulijaribu kumpokea mzigo, akatutukana mmoja mmoja. Na sasa anakohoa, Norzom. Nakwambia kweli, mwaka huu hafiki ng'ambo. Lakini ukimwambia asibebe, atakucharaza na fimbo ya yaki."

Mambo yalikuwa wazi kama hesabu ya darasa la pili. Akiandika kumi na mitatu, nyumba inatoka kwenye vigwe, na mama mkwe wake, mama Yudron, anabaki na shamba kavu. Akiandika kumi na minne, mama Yudron anapanda Shawa na kikohozi chake. Akiihamisha safari ipite bonde la pili, Lungdang nzima inakosa kazi ya vuli kwa sababu ya mkwe mmoja aliyeshindwa kushika penseli. Aliyatazama mambo hayo matatu siku nzima. Hayakumtisha wala kumliza. Aliyatazama tu, kama mtu anayesoma bei za vitu asivyokusudia kununua.

Siku ya pili akaanza kupunguza. Mizigo ya Lungdang hupimwa kwa mizani ya mkono mbele ya watu wote na lazima iwe sawasawa, kwa hiyo huwezi kumpunguzia mmoja pekee. Ukitaka mmoja uwe mwepesi, yote iwe myepesi. Alichukua orodha ya vifaa akaanza kuikata.

"Meza umeitoa?" Prajwol aliuliza, akisoma juu ya bega lake. "Na viti? Wageni wale chini kama kuku?"

"Kuna mikeka."

"Mahema ya choo mawili, umebakiza moja."

"Watapanga foleni."

"Matufaha ya kopo! Dada, kila mwaka wanayasifia yale matufaha."

"Hakuna aliyewahi kufa kwa kukosa tufaha la kopo."

Kutoka kilo ishirini na nane kila mzigo ukafika kilo ishirini na moja. Akatoa taa ya gesi, ukafika ishirini. Hapo akakwama. Pengo la Shawa lilikuwa mita elfu tano mia mbili na sitini, na lilibaki hivyohivyo kila alipolitazama. Penseli yake ilikuwa imepunguza kila kitu isipokuwa mlima.

Akateremka kwenye orodha ya watu. Kiongozi, Kunsang. Mpishi. Msaidizi wa mpishi, nafasi ikiwa wazi. Akaandika jina lake hapo. Chini zaidi, kwenye mstari wa Lungdang, mizigo kumi na minne, akaliandika tena.

"Unakwenda kupika?" Prajwol alikodoa macho.

"Mpaka Lungdang. Kutoka hapo nitabeba siku mbili."

"Wewe? Miaka miwili na nusu umekaa kwenye kiti hicho! Hata ngazi za humu ndani unazipanda kwa kushika ukuta."

"Ndiyo maana kuna siku za kupumzika," alisema Norzom, akamwonyesha ya nne na ya nane kwenye karatasi.

Prajwol alimwangalia. Aliifunga picha ya bibi kwenye kompyuta wala hakuizungumzia tena kalenda.

Wageni walikuwa wanane, watu wa makamo, wapole, wenye viatu vya bei mbaya. Norzom alimenya viazi, akachemsha maji, akatembea. Siku ya tatu mapafu yalimkumbusha kiti cha plastiki. Siku ya tano alitembea na Kunsang nyuma ya msafara. Kunsang ni mtu wa bonde jingine, kiongozi mzuri, na tangu uwanja wa ndege alikuwa akikwepa macho yake.

"Kaka Kunsang, ulimwona miaka yote miwili."

"Nilimwona."

"Ukanyamaza."

"Dada yangu, alinishika sikio. Akaniambia, ukimwambia mkwe wangu kwamba nimechelewa njiani, nitakulaani mpaka ng'ombe wako wakauke maziwa. Nami nina ng'ombe wawili tu."

Norzom alijua kwamba hapo mtu hucheka. Alitikisa kichwa, wakaendelea.

Lungdang ilitokea mchana wa siku ya tisa, nyumba kumi na nne zilezile, moshi uleule. Norzom alisimama akaitazama, akingoja tena. Hakuna kilichokuja. Akajifunga kitambaa vizuri, akateremka.

Mama Yudron alikuwa juu ya paa, akipura shayiri. Alikuwa amepungua. Ule mwili mfupi mnene, uliokuwa ukiwasukuma yaki kwa nyonga, sasa ulikuwa ukining'inia ndani ya nguo zake. Fimbo ya kupuria ilisimama hewani.

"Nani huyo anayetembea kama bata wa mjini?"

"Ni mimi, mama."

"Naona ni wewe, sijapofuka. Miguu gani hiyo? Imelainika kama siagi." Akakohoa, akashika magoti, akakohoa tena muda mrefu. Alipomaliza alijipangusa mdomo na aproni. "Haya panda. Chai ipo. Unangoja ukaribishwe, wewe mgeni?"

Ndani palinuka moshi na siagi. Kando ya mlango kilisimama kichanja cha kubebea, kamba zimebadilishwa, ukanda wa kichwani umepakwa mafuta mpaka unang'aa. Norzom alikitazama mpaka chai ikamiminwa.

"Nimekuja kubeba, mama."

"Kubeba nini?"

"Mzigo wetu."

"Mzigo ni wangu. Umenitumia mimi." Mama Yudron alikaa, akapuliza chai yake. "Ngoja nikwambie. Ulipoondoka mwaka ule nilisema, yule ni kijana, atampata mtu wa mjini mwenye friji, atanisahau, na haki yake. Sikukulaumu. Kisha ikaja karatasi. Karchung alisimama hapo hapo mlangoni akanisomea, mizigo kumi na minne. Nikasema, kumbe! Kumbe bado ananihesabu. Nikabeba. Watu wananihurumia, mimi moyoni nacheka. Na mwaka wa pili tena, kumi na minne."

Norzom angeweza kunyamaza. Ingekuwa rahisi, na bibi angebaki na furaha yake. Lakini alikuwa amepanda siku tisa na kifua kilikuwa kinamchoma, na hakuwa na nguvu za kubeba uongo juu ya yote.

"Sikukutumia, mama. Hata sikutaka kufikiri nani atabeba. Nilishindwa tu kuandika kumi na mitatu."

Mama Yudron aliinua birika akamwongezea chai. Kikombe kilijaa, kikamwagika kidogo, naye akaendelea kumimina, kisha akalishusha.

"Hata mimi," alisema. "Karchung alipokuja kuchukua kigwe nilishindwa kumwambia hakuna."

Akakipangusa kikombe kwa kidole, bila haraka. "Lakini kesho nabeba mimi," aliongeza. "Umesikia? Wewe na miguu yako ya siagi."

Asubuhi mizigo ilipangwa uwanjani mbele ya hekalu. Karchung aliipima yote mbele ya watu, akashangaa. "Kilo ishirini? Wageni mwaka huu wanaishi kwa hewa?" Watu wakacheka. Wageni wanane walikaa ukutani na vikombe vyao, wakipiga picha.

Karchung akapita kukusanya vigwe. Kila aliyebeba aliinama, akafungua kimoja chini ya goti, akampa. Norzom hakuwa na viatu vya sufu. Aliinama akachomoa kamba ya buti lake la kushoto, ya njano, ndefu, ya plastiki, akaiweka kwenye kiganja cha mkuu wa kijiji.

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Mji umekuja kubeba!"

"Hiyo kamba au utumbo wa kuku?"

"Mpeni mayai, atembee polepole!"

Karchung naye alicheka. Kisha akahesabu, kama inavyotakiwa, akavinyoosha kimoja kimoja kwenye kidole. Akahesabu tena. Kicheko chake kikaisha.

"Vigwe kumi na vitano," alisema. "Mizigo kumi na minne. Kuna nyumba imetoa viwili."

Kila mtu alijua ni ipi. Kati ya vile vya rangi ya kahawia na kijivu kilining'inia chekundu, chenye ukingo mweusi. Mama Yudron alikifuma mwenyewe, mwaka mwanawe alipotimiza miaka kumi na mitano na kubeba mzigo wake wa kwanza. Miaka miwili hii, kila vuli, hakutoa kigwe chake mwenyewe, alitoa hicho. Karchung alikidondosha, watu wakatazama pembeni, bibi akabeba.

"Nyumba hiyo ichukue kimoja," alisema Karchung, akiangalia mawingu.

"Mimi nimetoa cha nyumba," alisema mama Yudron kwa sauti kubwa. "Hiyo kamba ya njano siijui. Rudisha mjini."

Karchung hakurudisha kamba wala hakukitoa chekundu. Alisimama na mkono wake umenyooka, vigwe kumi na vitano vikipeperuka, mtu mzima wa miaka sitini aliyeua chui kwa jiwe, na hakuthubutu. Kukitoa kile kigwe ni kusema jambo ambalo nyumba kumi na nne zilikuwa zimekula njama ya kutolisema. Shemeji mtu aliangalia viatu vyake. Mbwa mmoja akajikuna. Wageni waliacha kupiga picha bila kuambiwa.

Norzom akavuka uwanja, buti la kushoto likimpwaya, ulimi wa buti ukipigapiga kila hatua.

"Nipe hicho chekundu, mjomba."

"Chukua mwenyewe," alinong'ona Karchung.

Alikivuta. Kilitoka kwa urahisi. Kilikuwa chepesi kuliko alivyokumbuka, na sufu ilikuwa imelika pale kilipozoea kufungwa.

"Mwenye kigwe hiki amekufa," alisema Norzom. Sauti yake ilikuwa ileile ya kusomea orodha ofisini. "Alifia pale juu, mwezi wa kupanda shayiri. Habebi tena. Nyumba yetu nabeba mimi."

Mama Yudron alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga jiwe pekupeku. Watu wa Lungdang hawakuwahi kumwona yule mama akikosa la kusema, hata siku ile theluji iliporudisha mwili.

"Kumi na vinne," alisema Karchung. Akapeleka mikono nyuma ya mgongo, akachanganya. Akapita. Kamba ya njano ikaangukia mafuta ya taa, mmoja akacheka, na wengine wakamfuata kwa ahueni.

Kigwe kikishaanguka hufungwa kwenye mzigo mpaka ng'ambo, ili usipotee. Kwa hiyo Norzom alibaki na buti lililo wazi, mbele ya ngazi ya mawe ya nusu siku. Alisimama akilitazama. Hakuwa amelipanga hilo, yeye aliyepanga mpaka idadi ya viberiti.

Mama Yudron akaja. Alipiga magoti mavumbini, akakohoa, akamnyang'anya kile kigwe chekundu. Akakizungusha kwenye buti mara tatu, juu na chini ya kifundo, akaweka mguu wake mwenyewe juu ya buti ili apate nguvu, akavuta.

"Umekaza sana, mama."

"Njia mbaya ile."

"Kinauma."

"Kiache kiume. Kikilegea utaanguka, na mimi sina mtu mwingine." Akapiga fundo, akapiga la pili, akalipigapiga kwa kiganja. "Haya nenda. Kanuke mafuta ya taa huko."

Norzom aliuinamia mzigo, akaweka ukanda kwenye paji la uso, akainuka. Kilo ishirini zilimkalia mgongoni. Hatua ya kwanza kigwe kilimbana kifundoni. Hatua ya pili kilimbana zaidi. Alifikiri kitazoea, lakini hakikuzoea. Kiliuma mpaka mwisho wa mashamba, kikauma kwenye daraja la magogo, na maumivu yakapanda gotini, yakapanda pajani, yakaja na joto lake. Miaka miwili na nusu hakuna kitu kilichomuuma. Kwenye ngazi ya mawe, chini ya mteremko ambao theluji ilitokea siku ile, alianza kulia. Alilia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni, kamasi zikimtoka, akiita jina ambalo haliitwi, na miguu haikusimama.

Mgeni mmoja, mama mwenye kofia nyekundu, alimshika Kunsang mkono kwa wasiwasi. Aliuliza kama yule dada ameanza kuumwa na mlima, na kama si afadhali wamteremshe.

Kunsang alimtazama Norzom anavyopanda.

"Hapana," alisema. "Ni kiatu tu. Kinambana."